Kompyuta mbili, programu ileile: hapo kuna akiba kweli?

mwanagenzi: Wakuu habari. Tunasanifu kompyuta ya setelaiti ndogo, mradi wa darasani tu, hairuki popote. Nimeweka bodi mbili pacha; moja ikizima, nyingine inashika usukani. Mwenzangu anasema hapo sina akiba, najidanganya. Nani yuko sahihi?

fundi_mitambo: Inategemea unaogopa nini. Bodi ikiungua, au mionzi ikigeuza biti (zile 0 na 1 za kumbukumbu), pacha wake atakuokoa. Kosa likiwa ndani ya programu, wanakufa wote.

Tazama roketi ya Ulaya Ariane 5, safari 501, Kourou (Guyana ya Ufaransa), 4 Juni 1996. Ilikuwa na vifaa viwili vya kupima mwelekeo, sawa kwa kila kitu, na programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4. Roketi mpya ilishika kasi ya mlalo haraka kuliko ile ya zamani, na namba ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye biti 16, ambazo mwisho wake ni 32,767. Haikuenea. Kifaa cha akiba kilizima kwanza. Kikuu kikafuata papo hapo, kwa kosa lilelile! Kikatuma taarifa za hitilafu, kompyuta ya uongozaji ikazisoma kama data ya safari, ikapinda nozeli (midomo ya injini) hadi mwisho. Roketi ikavunjika angani na setelaiti nne za utafiti za Cluster.

Kinachoniudhi: hesabu ile haikuwa na kazi yoyote baada ya kuruka. Na wasanifu waliwazia hitilafu za vifaa tu, ndiyo maana dawa waliyoandika ilikuwa "jizime, mwenzako ataendelea".

mwanagenzi: Kwa hiyo tuandike programu mbili tofauti? Tuko wanne, na muda hakuna.

fundi_mitambo: Space Shuttle, chombo cha NASA cha kubeba wanaanga, ilifanya hivyo: kompyuta nne zenye programu moja zikikaguana, ya tano na programu ya kampuni nyingine. Gharama hiyo hamuiwezi. Bodi ya pili ipeni programu fupi tu: geuza paneli kwenye jua, washa redio, subiri amri. Na namba ikivuka mpaka, ibaki kwenye kikomo na itiwe alama. Kifaa kisizimwe kwa hilo.

nyota_ya_kusi: Ongezeni saa ya ulinzi ya kuwasha upya kompyuta ikikwama. Chombo cha Mars Pathfinder mwaka 1997 ilijiwasha upya mara kadhaa ikiwa Mirihi, kwa sababu ndani ya programu yake kazi ya daraja la chini ilishikilia kitu ambacho kazi ya daraja la juu ilikuwa ikikingoja. Ila chombo kilibaki hai, na wahandisi wakaituma dawa kutoka duniani.

mwanagenzi: Shukrani wakuu. Mwenzangu akisoma hapa atavimba kichwa.