Corolla ya 1998 inalia mbele kushoto, lakini nikikanyaga breki inanyamaza

Mwalimu wa Gongoni

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, ambayo huiendesha kila siku ya kazi kutoka nyumbani Shela, hapa Malindi, nikavuka daraja la Sabaki na kupita Mambrui mpaka Gongoni ninakofundisha. Kwa muda wa wiki tatu sasa gari linatoa sauti mbili. Ya kwanza ni ya kusaga, mfano wa chuma kinachoburutwa juu ya mchanga, nami huisikia alfajiri ninapoondoka. Nikishafunga breki mara tatu au nne hutoweka, wala siisikii tena hadi kesho yake. Ya pili ndiyo inayonitatiza: ni mlio mwembamba, kama wa kinda la ndege, unaotoka mbele kushoto gari likiwa katika mwendo wa kati, na ajabu yake ni kwamba nikikanyaga breki hunyamaza, nikiondoa mguu hurudi.

Pedi za mbele, yaani vile vipande vinavyoibana diski ya chuma inayozunguka na gurudumu, zilibadilishwa miezi mitano iliyopita. Fundi aliyezibadilisha amesikiliza akiwa amesimama kando ya barabara, bila hata kuvua gurudumu, akaniambia kwamba ni diski na kwamba sina budi kununua mbili mpya. Sijamkubalia wala sijamkatalia. Je, iko njia ya kulijua tatizo kabla ya kutoa pesa?

Baharia wa Nchi Kavu

Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Hiyo ya alfajiri isikushughulishe. Uso wa diski ni chuma kitupu kisichopakwa rangi, na gari likilala karibu na bahari hupata kutu nyepesi usiku mmoja tu, hasa nyakati hizi ambapo upepo wa kusi unaleta unyevu. Pedi huikwangua kutu hiyo katika breki za mwanzo na mambo yakaisha. Nawe chumvi unaipata mara mbili: ya pwani unapolala, na ya Gongoni kwenye mashamba ya chumvi unapoegesha mchana. Kwa maoni yangu hata huo mlio wa pili ni vumbi tu. Mwagia maji gurudumu, utatulia.

Fundi Mstaafu

Mwalimu, ndugu yetu aliyetangulia amesema kweli kuhusu sauti ya kwanza, lakini katika hii ya pili sikubaliani naye. Sauti ya breki haitambuliwi kwa kufananishwa na ndege au panya, bali kwa wakati wake: inakuja lini na inaondoka lini. Ikija mguu ukiwa juu ya breki, anza kutafuta baina ya pedi na diski. Ikija mguu ukiwa mbali, kisha ikanyamaza unapokanyaga, maana yake kuna kitu kinachoigusa diski kwa wepesi, na unapokanyaga unakibana kisiweze kutetemeka. Katika magari ya namna yako kitu hicho mara nyingi ni kile kibati kidogo kilichopachikwa ubavuni mwa pedi, ambacho kimewekwa makusudi ili pedi ikibaki nyembamba kiguse diski na kulia. Kibati hicho ni mpiga mbiu, na ukikikata ili kipate kunyamaza, kama nilivyowahi kuona watu wakifanya, umemfukuza mpiga mbiu na habari yake hujaisikia.

Utaniuliza, pedi za miezi mitano zimekwishaje? Kalipa ya gari lako, yaani kile chuma kinachoshika pedi na kuzibana, ina pistoni moja tu ya kusukuma, nayo iko upande wa ndani. Pistoni inapoisukuma pedi ya ndani, kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ije iibane diski kutoka upande wa pili. Pini zikishikwa na kutu, au grisi yake ikikauka, kalipa haitelezi tena. Basi pedi moja hubeba kazi ya mbili, na mguu ukiondoka haiachii sawasawa. Pedi mpya kabisa itaisha upesi hapo ikiwa aliyeiweka hakuzivua pini, akazisafisha na kuzipaka grisi. Wengi hawazivui, kwa kuwa mteja hazioni.

Fanya hivi. Nenda mwendo mrefu kidogo, kisha uache gari lisimame lenyewe bila kukanyaga breki kwa nguvu, na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Ikiwa joto la kushoto limezidi sana la kulia, breki hiyo haiachii. Halafu inua gari kwa jeki mahali palipo tambarare, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, vua gurudumu, utazame pedi zote mbili. Fundi akikuonyesha ya nje peke yake, mwambie akuonyeshe na ya ndani. Yenye unene wa milimita 3 au pungufu haifai kuendelea kutumika.

Bi Safari, Watamu

Kaka Mwalimu, kabla hujafungua kalipa, tazama pia lile bati pana lililo nyuma ya diski. Gari langu lilinililia vivyo hivyo baada ya safari ya Marafa. Nilikwenda kwa mafundi wawili, na mwisho wake ilikuwa kokoto iliyonasa baina ya bati na diski. Kwetu huku bati hilo huliwa na kutu likapinda. Ukikuta mstari wa kung'aa umejichora juu yake, ujue linagusa. Lirudishe nyuma kwa mkono. Ukisikia mvumo unaobadilika unapozungusha usukani, hayo ni mambo ya beringi ya gurudumu, na kwa breki utazunguka bure.

Mwalimu wa Gongoni

Nawashukuru nyote. Jumamosi nilipofika nyumbani kutoka Gede nilijaribu kile kipimo cha kiganja: rimu ya kulia ilikuwa vuguvugu, ya kushoto sikuweza kuukaribisha mkono. Nikavua gurudumu. Bati la nyuma, Bi Safari, lina kutu lakini haligusi kitu. Pedi ya nje ni nene, ungedhani imetoka dukani juzi; ya ndani imebaki unene wa sarafu, na kibati chake kimeng'aa nchani pale kinapoigusa diski. Pini ya juu ilitoka kwa kuvutwa. Ya chini haikutoka mpaka nilipoizungusha kwa spana huku na huku kwa muda wa karibu nusu saa, na grisi iliyokuwa ndani yake imekuwa nyeusi na ngumu kama lami, huku mpira wake wa kuzuia vumbi umepasuka. Diski ina mikwaruzo myepesi. Ukucha unapita juu yake bila kukwama. Je, bado ninunue mpya?

Fundi Mstaafu

Diski ziache, mradi unene haujashuka chini ya kipimo kilichogongwa kwenye chuma chenyewe. Mwombe fundi mwenye kipimo akupimie. Nunua pedi za pande zote mbili, kushoto na kulia, kwani ukibadilisha upande mmoja gari litavuta kando unapofunga breki. Nunua na mipira ya pini, na ufungue kulia vilevile, maana pini za huko zimekula chumvi ile ile. Pini zisugue kwa msasa laini. Ikiwa kutu imezichimba vishimo, zibadilishe. Usioshe mipira kwa petroli wala mafuta ya taa, itavimba, na pini zitanasa tena kabla ya mwezi kwisha. Tumia grisi maalumu ya breki inayostahimili joto.

Jambo moja zaidi. Pedi zinapoisha, mafuta ya breki hushuka katika chombo chake bila kuvuja popote, kwa sababu pistoni imetoka nje zaidi. Ikiwa mtu alikuongezea mafuta hapo kati, yapunguze kwanza kabla ya kuirudisha pistoni ndani, la sivyo yatafurika, na mafuta hayo yanakula rangi ya gari.

Mwalimu wa Gongoni

Niliyaongeza mwenyewe mwezi uliopita. Ninakwenda kutafuta bomba la sindano la kuyanyonyea.