MJADALA: Sanamu ya Lusinga irudi kwa nani, Kinshasa au kwa ukoo wake?

Ndugu zangu, kama sanamu za tiba na ramli zilizobebwa kutoka Kongo zirudi au zisirudi, kwangu hilo limekwisha. Zirudi. Kinachonikera ni swali linalofuata, ambalo wakubwa wanalipita mbio: anakabidhiwa nani? Nachukua sanamu moja tu, tuijadili.

Desemba 1884 wapiganaji wa Emile Storms, luteni Mbelgiji aliyevuka ziwa kutoka Karema, upande wa mashariki, na kujenga kituo Mpala, ng'ambo ya magharibi, walivamia boma la Lusinga, chifu wa Watabwa upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Lusinga aliuawa, akakatwa kichwa. Sanamu ya wahenga wake, yenye nywele zilizosukwa hadi mgongoni, ikatekwa. Storms akaondoka na vyote viwili, fuvu na sanamu. Leo sanamu iko kwenye makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels nchini Ubelgiji, na fuvu liko Brussels, kwenye taasisi ya sayansi za viumbe.

Julai 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurejesha vitu vya enzi za ukoloni. Isomeni vizuri: ni makubaliano ya serikali kwa serikali, na mabaki ya watu hayamo. Maana yake, sanamu inaweza kwenda Kinshasa huku fuvu la mwenyewe likibaki Ulaya. Ukoo hauna kiti kwenye meza hiyo. Hapo ndipo ninapokataa.

Vitu hivi havikuwa mapambo. Kwa Watabwa, mti uliochongwa hauna nguvu mpaka mganga atie vizimba, yaani dawa za kuupa nguvu, na mwenye kuutunza anajulikana. Kwa Wasongye, sanamu kubwa ni ya kijiji kizima. Dawa hutiwa tumboni na kwenye pembe ya kichwani, na sanamu yenyewe haishikwi kwa mikono, hubebwa kwa miti. Kwa Waluba, katika ramli ya kashekesheke, mganga na aliyekuja na shida hushika kinyago kimoja pamoja, na jibu hupatikana katika mwendo wake. Kila mahali kuna mtu au jamii inayowajibika. Kule mji wa Boma, karibu na mdomo wa Mto Kongo, mwaka 1878, Mbelgiji Alexandre Delcommune alipochukua nkisi nkonde, sanamu ya nguvu ya Wakongo, wakubwa wa pale waliidai palepale, naye akakataa. Walioidai walikuwa wenyewe, na hakuna aliyeuliza wizara.

Najua mtasema Moba, kule ziwani kwa kina Lusinga, hakuna usalama wala jengo. Sawa, makumbusho mapya ya Kinshasa, yaliyojengwa kwa fedha za Korea Kusini na kufunguliwa 2019, ni mazuri. Lakini tusisahau: kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha vitu 114, na vingi vilitoweka kwenye hifadhi ya Kinshasa, vingine vikaonekana sokoni. Kwa hiyo mji mkuu peke yake si dhamana. Na kutoka Kinshasa hadi ziwani ni zaidi ya kilomita 1,500. Mjukuu wa Lusinga ataenda kuitazama kwa nauli ipi?

Wapo watakaosema Lusinga mwenyewe aliuza watu. Ni kweli, alishiriki biashara ya watumwa, na vijiji jirani viliumia. Hilo lisemwe wazi hata siku ya kumzika. Lakini halimpi Storms wala Ubelgiji haki ya kukalia kichwa chake.

Wachungaji nao watasema ni mashetani, yachomwe. Hoja hii naiheshimu kuliko wanavyodhani. Mwaka 1921 mhubiri Mkongo Simon Kimbangu aliwataka watu waache minkisi (ndio wingi wa nkisi), na wengi walizitupa kwa hiari yao. Hilo lilikuwa lao kuamua. Ukoo wa Lusinga ukiamua kuizika sanamu pamoja na fuvu, mimi nitaumia kwa sababu ni kazi ya mkono wenye ustadi mkubwa, lakini sitakuwa na neno.

Pendekezo langu: fuvu litangulie, lizikwe na ukoo. Sanamu ifuate, na ukoo useme kama itunzwe kwao, Kalemie, au kwenye makumbusho ya Lubumbashi. Kinshasa isaini karatasi na ilipe usafiri.

Mnaopinga, leteni hoja. Na ninyi wa Moba, Kalemie na Karema, kwenu wazee wanalisemaje?