Naomba ushauri: nisahihisheje insha katika zama za akili mnemba?

Walimu wenzangu, nafundisha lugha shule ya sekondari, na tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika maandishi kwa kuombwa, ilipozinduliwa Novemba 2022 insha za wanafunzi wangu zimebadilika kwa namna inayonitatiza: sarufi imenyooka, aya zimepangika, lakini ninapomwita mwandishi anieleze kwa mdomo hoja yake ya pili, anabaki kimya. Programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine nimeziacha, kwa kuwa hukosea na kumtuhumu hata aliyeandika mwenyewe. Kumwonea mtoto mmoja mwaminifu naona ni kosa zito kuliko kudanganywa na watano.

Mwongozo wa UNESCO wa 2023 ulipendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa matumizi ya zana za akili mnemba darasani, na wangu wote wameuvuka, hivyo sitaki kupiga marufuku. (Hata kikokotoo cha hesabu kiliwahi kupigwa vita.) Nimefikiria insha zote ziandikwe darasani, ila dakika 40 hazitoshi kuandika rasimu, kuisahihisha na kuiandika upya, na huko kuandika upya ndiko mwanafunzi anakojifunza.

Je, mliokwisha kulijaribu hili mnatoa alama kwa rasimu, kwa mahojiano mafupi, au kwa vyote viwili, na muda mnaupataje darasa likiwa kubwa?