Acheni kupiga mchanga fremu za zamani kisha mnatuuzia kama "asili"

Wakuu, leo naongea bila kupepesa macho. Huu mchezo wa kuchukua fremu ya chuma ya baiskeli ya miaka ya 1970 au 1980, kuipiga mchanga kwa presha mpaka ibaki chuma kitupu, kuipaka rangi ya unga (ile inayookwa kwenye tanuri), kuibandika stika mpya za jina kubwa la Kiitalia na kuitangaza "asili, imekarabatiwa kikamilifu" ni utapeli. Sina jina jingine la kuupa. Na wengi wanaoufanya si watu wasiojua baiskeli. Wanajua vizuri sana wanachokiharibu.

Kilichonichosha ni fremu aliyoniletea rafiki yangu nimsaidie kuifunga vifaa. Aliuziwa kama fremu ya mabomba ya Columbus SLX (chuma cha Kiitalia cha daraja la juu) ya katikati ya miaka ya 1980, na stika ya SLX imetulia kwenye bomba la kiti kama imetoka kiwandani jana. Nikatoa ekseli ya pedali na vikombe vyake, nikaingiza kidole kwenye mdomo wa bomba la chini. Laini tupu. SLX ina mbavu zilizojipinda ndani ya mabomba, upande huo wa ekseli ya pedali, na mtu anazihisi kwa kidole hata akifumba macho. Nikajaribu nguzo ya kiti. Fremu za SLX na ndugu yake SL kwa kawaida hupokea nguzo ya milimita 27.2, maana ukuta wa bomba ni mwembamba. Hii ilikataa hata 26.8, yaani ukuta wake ni mnene zaidi. Nikaangalia vishikio vya ekseli ya gurudumu la nyuma: bati nene lililokatwa kwa mashine, si chuma cha kufuliwa ambacho ungekitegemea kwenye fremu ya daraja hilo. Nikageuza fremu nisome namba. Imejaa rangi, na tarakimu mbili zimeliwa na mchanga hazisomeki kabisa.

Muuzaji alipoulizwa akajibu kwamba aliikuta na stika hiyo. Stika iko juu ya rangi mpya! Unaikutaje stika juu ya rangi uliyoipaka wewe mwenyewe?

Sasa nieleze kwa nini hasira yangu haiishii kwa muuzaji mmoja. Utapeli huu hauwezekani bila mchanga. Fremu yenye rangi yake ya kwanza, hata kama imechunika na kufifia, inajieleza. Unaona stika zimezeeka pamoja na rangi, unaona alama ya kibano cha kibadili gia kwenye bomba la chini, unaona mahali waya wa breki uliposugua bomba la juu kwa miaka. Unaona kromu inayochungulia chini ya rangi kwenye bomba la kulia la nyuma, ambako cheni hupigapiga. Fundi aliyeificha au kuiacha wazi kromu ile alikuwa na sababu zake, na mnunuzi anayejua anazisoma. Ukishapiga mchanga, ushahidi wote huo umekwenda na haurudi. Hapo ndipo stika yoyote inaweza kusema lolote.

Na chuma chenyewe? Mabomba makuu ya Columbus SL yana ukuta wa milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati. Sifuri nukta sita! Halafu mtu anachukua mchanga mkavu wa kusafishia mageti, presha ya juu, anaulenga hapo hapo katikati. Kingo za lagi, vile viungio ambavyo fundi alivichonga kwa tupa kwa saa nyingi mpaka ncha zikawa kali kama ukucha, zinarudi za mviringo. Majina yaliyochongwa kwenye kichwa cha uma yanabaki kivuli. Baada ya hapo inakuja rangi ya unga, nzito kuliko rangi ya kupuliza, inaziba hata kile kidogo kilichobaki. Inaingia kwenye thredi za ekseli ya pedali, na mtu anapitisha tapu (kifaa cha kukata thredi) bila kuuliza fremu ni ya nchi gani. Thredi ya Kiitalia ni milimita 36 na pande zote mbili hukazwa kwa kulia. Ya Kiingereza ni ndogo zaidi, na kikombe cha upande wa cheni hukazwa kwa kushoto. Ya Kifaransa ni milimita 35. Ukikosea hapo umeua fremu, na hilo nimeliona zaidi ya mara moja kwenye fremu nilizoletewa.

Niwe mkweli kwa jambo moja, maana kuna wanaopinga mchanga na rangi ya unga kwa sababu za uongo. Joto la kuoka rangi haliui fremu. Tanuri ni nyuzi 200 hivi, na shaba au fedha iliyounganisha mabomba inahitaji joto kubwa mara kadhaa ya hilo ili iyeyuke. Tuache hoja dhaifu. Ubaya uko kwenye kufuta na kuziba, na kwenye kudanganya.

Mtasema, "Mkuu, rangi mpya inalinda chuma." Kutu ya fremu hizi mara nyingi huanzia ndani, kwa maji yanayoingia kupitia nguzo ya kiti na kukaa chini kwenye ekseli ya pedali. Rangi ya nje haifiki huko. Weka mafuta mazito au nta ndani ya mabomba, paka grisi kwenye nguzo ya kiti ili alumini isishikane na chuma, osha nje kwa maji ya sabuni, piga polishi taratibu, gusia palipochunika kwa brashi ndogo. Kazi ya siku chache na uvumilivu. Wanaopenda mchanga wanaupenda kwa sababu ni wa haraka na picha zinatoka zimeng'aa.

Kuna hatari nyingine ambayo inanitia hasira kuliko hata pesa za watu. Baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele huacha alama nyuma tu ya kichwa cha fremu, chini ya bomba la juu na bomba la chini: mkunjo mdogo, na rangi juu yake hupasuka. Rangi ya zamani inakuonyesha mpasuko huo. Rangi nzito mpya inaufunika, na mtu anashuka mlima kwa kasi juu ya fremu iliyokwisha kupinda. Vivyo hivyo krenki. Krenki za zamani za Record za Campagnolo, watengenezaji wa vifaa wa Italia, zinajulikana kupata ufa kwenye kona pale mkono wa pedali unapokutana na mikono inayoshika gurudumu la meno. Mtu anazing'arisha mpaka ziwe kioo, ufa unafichika, anauza. Huyo anacheza na meno na mifupa ya watu.

Na najua kilichochochea haya. L'Eroica, ile safari ya baiskeli za zamani, ilianza mwaka 1997 huko Gaiole in Chianti, Italia, na kanuni yake inajulikana: baiskeli ya mbio ya kabla ya 1987, vishikio vya gia kwenye bomba la chini, pedali zenye vikapu na mikanda, waya za breki zinazopita juu ya usukani. Kanuni nzuri, naipenda. Imewatoa watu stoo na baiskeli za baba zao. Lakini imeleta pia wanunuzi wasiojua kitu wanaotaka jina, na wauzaji wanaowatengenezea jina hilo kwa stika.

Vifaa navyo vinachanganywa ovyo. "Campagnolo kamili ya 1978," kumbe nati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma imegongwa 83 na krenki ina tarakimu ndani ya duara, ambayo ni alama ya miaka ya 1980. Ya miaka ya 1970 iko ndani ya umbo la almasi. Kibadili gia chao cha Nuovo Record kimeandikwa PATENT na mwaka wake, mtoto anaweza kusoma. Sisemi baiskeli isibadilishwe kifaa. Waendeshaji walibadilisha vifaa tangu siku ya kwanza, na baiskeli ni ya kuendeshwa. Sema tu ukweli: fremu ya mwaka huu, habu za mwaka ule, nyuma imepanuliwa kutoka milimita 126 hadi 130.

Fremu iliyoliwa na kutu mpaka rangi haina pa kushika, ipake upya, nani atakukataza? Ila tafuta fundi anayeondoa rangi kwa dawa na mkono, apulize rangi nyembamba, na uitangaze kuwa imepakwa upya. Nimeziona kazi za namna hiyo na nikavua kofia.

Kwa hiyo, kuanzia sasa, kila tangazo la fremu ya daraja la juu nitakaloliona nitaomba hadharani picha sita: namba iliyogongwa, ndani ya tundu la ekseli ya pedali, vishikio vya ekseli ya nyuma, kipimo cha nguzo ya kiti kikiwa kwenye kaliba, sehemu ya chini nyuma ya kichwa cha fremu, na picha ya fremu kabla ya kupakwa rangi. Asiyeziweka, nitaandika chini ya tangazo lake kwamba hakuziweka. Nawaomba na nyinyi mfanye hivyo hivyo. Na wewe uliyemuuzia rafiki yangu ile fremu, mrudishie pesa yake.