Chai za Kichina kwa majira: ya kijani imenivuruga tumbo kwenye baridi, nakosea wapi?

BintiMajani
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaozijua hizi chai za Kichina. Nina rafiki yangu kasoma soma kidogo tiba asili ya Kichina, basi akaniandikia kwenye karatasi kwamba majira ya machipuko ninywe chai ya maua, kiangazi ya kijani, majani yakianza kupukutika ninywe ulongi (sio uongo jamani, ni aina ya chai) na baridi ikija ninywe chai nyekundu au Pu'er. Karatasi nimeibandika jikoni na kila siku naiangalia.

Sasa mi ni mvivu wa kufuata karatasi. Nilikuwa nimebakiwa na Longjing, hiyo ni chai ya kijani, kwenye kopo nikaona isije ikapoteza harufu bure, basi wiki nzima ya baridi nimeinywa kila asubuhi kabla sijatia kitu tumboni, glasi tatu tatu. Siku ya nne tumbo linanguruma kama linagombana na mtu, mikono inatetemeka, mdomo mchungu. Na kuitengeneza naitengeneza vizuri tu, birika linachemka mpaka linapiga mluzi ndo namwagia.

Nachouliza ni hivi, huo "ubaridi" wa chai ya kijani ni upi wakati mi naikunywa ya moto? Na hiyo ratiba inafuata kalenda ya wapi, maana kuna watu wako kwenye baridi wakati wengine wanatoka jasho? Na je lazima niwe na makopo manne au matano ndani ya nyumba?

MzeeWaBirika
Binti pole sana. Nianze na hilo la ubaridi maana ndo linachanganya wengi. Kwenye tiba ya Kichina ubaridi wa kitu hauhusiani na joto la kikombe, wanaangalia kikishaingia mwilini kinafanya nini, kinapoza au kinachemsha. Unaweza ukanywa chai ya kijani inatoa mvuke na bado wakakwambia umekunywa kitu cha baridi. Na usidhani ni miti tofauti, ya kijani, nyeupe, ulongi, nyekundu, Pu'er, zote ni majani ya mti uleule wa chai, tofauti ni walichoyafanya baada ya kuchuma. Ya kijani inakaangwa au inapigwa mvuke mapema ili jani lisigeuke, ndo maana inahesabiwa ya baridi. Nyekundu inaachwa igeuke yote mpaka jani linakuwa jeusi, yaani hii ambayo sisi tukiitia maji bila maziwa tunasema chai ya rangi, Wachina wao wameipa jina kwa rangi ya maji sio ya jani, na inahesabiwa ya uvuguvugu. Ulongi iko katikati. Ukitaka kanuni ya haraka, kadiri jani lilivyogeuzwa, lilivyochomwa au lilivyovundikwa ndivyo linavyosogea upande wa joto.

Chai ya maua wanapenda ile ya asumini, ya Fuzhou ina sifa. Nayo kwa kawaida ndani yake ni ya kijani. Wanachanganya majani makavu na vichipukizi vya asumini ambavyo bado vimefumba, usiku vinafunguka na jani linavuta harufu, baadaye wanayatoa maua wanarudia tena na mengine mapya, usiku kadhaa. Kwa mafundisho yao machipuko ni majira ya ini na ile harufu inasaidia qi, yaani nguvu ya uhai mwilini, iliyolala wakati wa baridi ianze kutembea. Kiangazi ni cha moyo, hapo ndo kijani, nyeupe na maua ya krisanthemu. Majani yakipukutika hewa inakuwa kavu, hayo ni majira ya mapafu, ulongi. Baridi ni ya figo, nyekundu kama ile ya Qimen au Pu'er iliyopikwa.

Ila rafiki yako kasahau kitu na mimi nakiona ndo kitamu kuliko vyote. Kwenye tiba yao majira ni matano. Kuna kipande cha mwisho wa kiangazi, hewa nzito, nguo hazikauki, unaamka umechoka kama hukulala, hicho ni cha bandama na adui yake ni unyevunyevu. Hapo wanaleta chenpi, maganda makavu ya chenza, ya Xinhui huko Guangdong ndo yanatajwa sana, na ganda haliitwi chenpi mpaka likae angalau miaka 3. Mi nachukua kipande kama ukucha wa dole gumba naweka na Pu'er iliyopikwa, maji ya kwanza nasuuzia tu namwaga, ya pili ndo nakunywa. Mwanzo inanukia kabati la zamani, ukimeza ndo chenza inakuja kwa nyuma. Sijui bandama inasemaje lakini mi mwenyewe naipenda.

Kuhusu kalenda, wana vipindi 24 vya mwaka na baridi kwao inaanza kuhesabiwa kama tarehe 7 Novemba. Aliye kusini mwa ikweta akifuata hiyo tarehe atakuwa anakunywa kinyume kabisa. Angalia nje dirishani, kuna joto, baridi, ukavu au unyevu? Hivyo ndo vitu wanavyoviangalia, mwezi ni alama tu.

SinaImani
Mnamzungusha dada wa watu bure. Asubuhi, tumbo tupu, glasi tatu za chai nzito, hapo unahitaji ini na bandama na figo za kazi gani? Tanini, ule ukakasi wa chai, inasumbua tumbo lisilo na kitu, kafeini inatetemesha mikono, hata ingekuwa kiangazi angeumwa vilevile. Hamna kipimo chochote cha hospitali kinachoonyesha chai ya kijani ina "ubaridi". Kula kwanza, basi.

KitabuMkononi
@SinaImani kwenye kula kwanza uko sahihi, ila usidhani Wachina wa zamani walikuwa hawalioni hilo. Li Shizhen, yule tabibu mkubwa ambaye kitabu chake cha dawa kilichapishwa mwaka 1596 baada ya yeye kufariki, kaandika habari zake mwenyewe humo. Anasema alipokuwa kijana mwenye nguvu kila akipata chai mpya alikuwa anapiga mabakuli kadhaa, jasho jepesi linamtoka anajisikia raha. Alipofika umri wa kati tumbo likalegea, akinywa tu ama anavimbiwa na kichefuchefu au tumbo linapoa anaharisha. Sasa ukisoma habari ya Binti si ni hiyohiyo? Yeye akaiita baridi, wewe unaiita tanini, ila ushauri unafanana, mwenye tumbo dhaifu apunguze.

Dada na hilo birika lako la mluzi nalo lina kesi ya kujibu. Longjing haitaki maji yanayochemka, yanatoa uchungu wote kwa mkupuo. Acha maji yapoe mpaka kama nyuzi 80, kama huna kipima joto funua kifuniko usubiri dakika chache. Tumia glasi ya kioo, gramu 3 hivi kwa glasi ndogo, utaona yale majani bapa yanaelea juu kwanza, yanalowa, yanasimama wima moja moja afu yanazama polepole kama yanateremka ngazi. Yakizama ndo kunywa, na ikibaki theluthi ongeza maji, usiikaushe. Nyekundu na Pu'er hizo sasa ndo mwagia maji ya mluzi bila huruma.

MfamasiaMpole
Napita tu lakini kuna mambo yasipite hivihivi. "Ya uvuguvugu" haimaanishi haina kafeini, chai nyekundu kwa kawaida inayo nyingi kuliko ya kijani, kwa hiyo msinywe usiku kisa kuna baridi afu mkaja kulalamika usingizi. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidishe kama mg 400 za kafeini kwa siku, mjamzito 200, na kikombe cha kawaida cha chai ya kijani kinakuwa na kama 30, nyekundu kama 50. Mwenye upungufu wa damu asinywe chai pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma yasiingie vizuri, asubiri saa moja hivi.

Halafu hizi chai zinazochanganywa na dawa za mitishamba someni kilichomo. Nyingi za majira ya baridi zina gancao, ule mzizi mtamu tunaouita urukususu, ukinywa kila siku kwa wiki kadhaa unaweza kupandisha presha na kushusha potasiamu. Mwenye presha au anayekunywa vidonge vya kukojoza aachane nao. Krisanthemu inaweza kumwasha mwenye aleji ya maua ya jamii hiyo. Na anayekunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asianze chai ya kijani nyingi wala goji, vile vitunda vyekundu vilivyokaushwa, bila kuongea na daktari wake.

BintiMajani
Asanteni sana wakuu, hata wewe @SinaImani pamoja na ukali wako. Nimefanya hivi, sasa hivi nakula kwanza, Longjing nimeifunga kopo vizuri nimeweka mbali na mwanga na viungo, naisubiri joto lirudi. Nikaitoa ile Pu'er niliyopewa zawadi ambayo sikuwahi kuifungua maana karatasi inasema Pu'er ni ya baridi. Leo siku ya tatu, nimekula, nimemwagia maji ya mluzi kama mlivyosema, na tumbo bado linaongea. Na ni chungu hiyo aisee, inakaza ulimi. Si mlisema hii ni ya uvuguvugu?

MzeeWaBirika
Subiri kwanza. Nilisema iliyopikwa. Pu'er ziko mbili, mbichi wanaita sheng na iliyopikwa wanaita shu. Iliyopikwa inarundikwa, inamwagiwa maji na kufunikwa wiki kadhaa ivundike, njia yenyewe ni ya juzi tu, ilianza Kunming mwaka 1973. Mbichi haipitii huko, ikiwa changa wanaihesabu ya baridi sawa na ya kijani au hata zaidi. Maji yakitoka kwenye kikombe yana rangi gani, meusi kama kahawa au ya njano?

BintiMajani
Ya njano 😭

SinaImani
😂😂😂

MzeeWaBirika
Basi iweke kwenye kabati pamoja na Longjing. Ila hiyo usiwe na haraka nayo, mbichi ikikaa miaka kumi na zaidi inaiva yenyewe taratibu. Kwa sasa tafuta nyekundu yoyote nzuri, tia na slesi mbili za tangawizi.