Mnyama adimu ukimuona zuu, inahesabika?

MamaNeema_Moshi
Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie kumaliza ubishi wa humu ndani. Mwanangu wa darasa la sita ana daftari la wanyama anaotaka kuwaona, na siyo simba wala twiga, hao anasema kila mtu ameshawaona, yeye anataka wale adimu: faru mweusi, mbwa mwitu, kakakuona, kima punju na yule chura wa Kihansi waliyesimuliwa shuleni. Baba yake anasema likizo ya Desemba tumpeleke bustani ya wanyama aone anachoona, hela kidogo, siku moja tumemaliza. Mtoto kagoma, anasema mnyama aliyefungiwa hahesabiki. Sasa nauliza, kwanza ni kweli hahesabiki au ni utoto tu? Pili, sisi ni wanne, tunaishi Moshi, usafiri wetu ni kigari kidogo cha IST, kati ya hao watano ni nani anaonekana kweli na ni nani niache kujisumbua? Msinitajie bei za wazungu tafadhali.

Jogoo_la_Shamba
Zuu ni jela. Mtoto yuko sahihi, mnunulieni soda.

Dereva_Kaskazini
Mama Neema, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi habari za huko. Mimi nabeba wageni huku Arusha, nitakujibu kwa ninavyojua barabarani.

Faru: wengi watakwambia Ngorongoro na ni kweli wapo, ila kuna jambo ambalo makampuni hayaweki kwenye picha zao. Kule chini kreta huruhusiwi kutoka nje ya barabara, kwa hiyo faru akiwa kalala mbali kwenye nyasi, unachokiona ni kijiwe cheusi kwenye darubini, na utakaa unakiangalia mpaka kisimame. Nimebeba mgeni aliyelia kwa furaha kwa ajili ya hicho kijiwe, na nimebeba aliyeniuliza "ndio huyo?" akafungua boksi lake la chakula akaendelea kula. Mkienda muwe wa kwanza getini, asubuhi bado wanatembea na kula, jua likishapanda wanalala na kama nyasi ni ndefu huoni hata pembe. Na IST haishuki kule, ni 4x4 tu, hapo ndipo hela inapokwenda. Kiingilio cha Mtanzania wala hakitishi.

Mwambie na huyo mtoto habari za bibi Fausta. Yule faru alionekana na watafiti mara ya kwanza mwaka 1965 akiwa bado mdogo, akaishi kreta maisha yake yote, akafa Desemba 2019 akiwa na miaka 57. Uzeeni macho yakawa mabovu, fisi wakawa wanamvamia, ikabidi tangu 2016 awekwe kwenye uzio apewe matunzo. Sasa muulize, Fausta wa ndani ya uzio alikuwa hahesabiki tena?

Lakini wewe uko Moshi bwana, unahangaikia kreta ya nini? Same ni lami tupu, kilomita 100 hivi, na geti la Zange la hifadhi ya Mkomazi liko nje kidogo ya mji. Mkomazi wana eneo la faru weusi lenye uzio wa umeme na siku hizi wageni wanaingizwa kuwaona, tena kwa ukaribu ambao kreta hupati. Wengine kati ya hao walitoka Afrika Kusini, watatu waliletwa 2009 kutoka bustani ya Dvůr Králové kule Ucheki, wengine wakaja kutoka Uingereza 2012. Yaani kuna faru wa zuu ya Ulaya amekuja kuzoea kupe na miiba ya Upareni. Jogoo hapo juu ajibu, huyo ni mfungwa au ametoka jela?

Mbwa mwitu: hapo hapo Mkomazi mhifadhi wanyama mzee Tony Fitzjohn alianza kuwazalisha miaka ya 90 na kuwaachia. Ila kumkuta akiwa huru ni bahati, leo kapita hapa kesho yuko mbali kabisa. Hifadhi za Nyerere na Ruaha ndiko nafasi iko kubwa, hasa Juni mpaka Agosti wakiwa na watoto shimoni, maana kundi zima linashinda karibu na shimo. Desemba wanatangatanga, usimuahidi mtoto.

Kakakuona: futa. Namaanisha futa kabisa. Anatoka usiku, anaishi kwa mchwa na siafu, watu wanazeeka kazini hifadhini hawajakutana naye. Hata bustani za wanyama zinashindwa kumfuga, chakula chake kinawasumbua, wengi wanakufa mapema. Na ukisikia mtu anasema "njoo nikuonyeshe kakakuona nyumbani kwangu", huyo ni jangili, biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku, kaa mbali naye. Wazee wetu akijitokeza kijijini walikuwa wanamuwekea maji, nafaka na silaha atabiri mwaka utakuwaje, sasa jiulize, kama angekuwa anaonekana ovyo nani angehangaika na yote hayo.

Mbongo_wa_Bronx
Nimecheka kuona chura wa Kihansi kwenye orodha maana mimi nimemuona, ila siyo Morogoro, ni huku New York, Bronx Zoo, jengo la reptilia. Nilikuwa natafuta choo kwa kweli. Nikakuta kiboksi cha kioo, ndani majani na ukungu wa maji unapulizwa kutoka juu, nikasogea nikaona vitu vya njano vimebandika kwenye jani, havifiki hata sentimita tatu, kibao kinataja Tanzania. Kumbe kuna mtoto kakaa pembeni ya mama yake, milimita 5 labda, na tayari ana miguu yote, kwa sababu hawa hawatagi mayai, wanazaa watoto waliokamilika. Nilisimama pale mpaka mwenzangu akaja kunitafuta.

Jogoo, wewe unaita jela, sikiliza mkasa wenyewe. Huyu chura aligunduliwa 1996 kwenye maporomoko ya Kihansi, eneo lake lote duniani kama hekta 2, kama viwanja vitatu vya mpira hivi, alikuwa anaishi kwa ule mnyunyizo wa maji yanapogonga mawe. Likajengwa bwawa la umeme, megawati 180, maji mengi yakachepushwa, mnyunyizo ukakata. Wakafunga mabomba ya kunyunyiza, yakasaidia kwa muda, halafu 2003 vyura wakaporomoka ghafla, kuvu ya ngozi ya vyura nayo ilikutwa, na 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Waliobaki ni wale tu waliochukuliwa mwishoni mwa 2000 kuletwa Bronx, kama 500, na huko nako walikufa mno ikafika wakati hawazidi 40. Bronx na zuu ya Toledo, nayo ya huku Marekani, ndio waliowazalisha tena. 2010 wakarudishwa mia moja Chuo Kikuu cha Dar, 2012 wakaanza kuachiwa bondeni kwao. Bila hicho kiboksi cha kioo, mtoto wa Mama Neema angekuwa anasimuliwa kama dinosaria.

Jogoo_la_Shamba
Sawa chura nimekubali. Simba anayezunguka kwenye banda la sementi je? Huyo naye anaokolewa na nini? Porini wapo, mnawafungia kwa viingilio tu. Msichanganye mambo.

Kijana_wa_Rongai
Majirani mnajitesa. Pandeni shuttle Moshi, piteni Namanga, jioni mko Nairobi. Park yetu ni kilomita za mraba 117 pekee, iko kando ya jiji, na faru weusi wako, weupe pia, unapiga picha faru akiwa na maghorofa nyuma yake. Hapo getini kuna Safari Walk, njia ya kutembea kwa miguu mkitazama wanyama, mtaona bongo (mnyama jamii ya swala, si nyinyi). Huyo wa mlimani amebaki porini chini ya mia, na 2004 waliletwa 18 kutoka zoo za Amerika wakapelekwa Nanyuki kuzalishwa. Na mkifika Nanyuki kuna Najin na Fatu pale hifadhi ya Ol Pejeta, mama na binti, faru weupe wa kaskazini, ni hao wawili tu dunia nzima, walitoka zoo hiyo hiyo ya Ucheki 2009, wanalindwa usiku na mchana. Porini hakuna hata mmoja. Hapo daftari litasema nini?

Mwana_wa_Unguja
Assalaam aleikum. Mbona kima punju mumemwacha na ndiye rahisi kuliko wote? Bibie njooni msitu wa Jozani, hamuhitaji 4x4 wala darubini, daladala za kusini zinapita mlangoni. Yupo Unguja tu, ukiacha wachache waliopelekwa Pemba zamani, na anakaa huru kabisa, mwengine utamkuta kajilaza juu ya mkungu miguu inaning'inia wala habari na wewe hana. Kuna kitu mtoto akiangalie vizuri: wanakula makaa. Wallahi, makaa ya kupikia na visiki vilivyoungua, anashika kipande kwa mkono anakitafuna mdomo mweusi tititi, maana majani ya mikungu na miembe yana sumu inayomsumbua tumboni na makaa yanaituliza. Msimkaribie sana na msimpe chakula, hata akikutazama kwa huruma.

MamaNeema_Moshi
Jamani asanteni, Mungu awabariki. Nimemsomea yote, chura kamkubali, simba wa sementi kamkataa, yuko upande wa Jogoo. Baba yake kasikia "Same kwa lami" amefurahi mno. Dereva, kama tunataka faru tu na kurudi siku hiyo hiyo inawezekana? Na ka-IST kanaingia?

Dereva_Kaskazini
Inawezekana, tokeni alfajiri. IST iishie Same, Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo na ile ardhi ikilowa inanasa. Kodini gari pale pale mjini, na kabla hamjatoka nyumbani ulizeni utaratibu wa kuingia kwenye uzio wa faru siku hiyo, msije mkafika mkaambiwa mrudi kesho. Njoo inbox nikupe namba ya kijana mwenye gari Same, mwambie umetumwa na mimi asikupige bei.