Maadili ya biashara yanaongeza kweli ufanisi wa benki za mikopo midogo?

Mwanafunzi_wa_Fedha:
Wakuu habari zenu. Naandaa ripoti ya chuo kuhusu hii mada, kila ninachosoma kinasema uaminifu unaleta wateja, sawa, ila mimi nataka nione inavyoingia kwenye namba, yaani faida na marejesho. Mbona kuna benki zinabana watu hadi wanalia na bado faida ipo?

Afisa_Mikopo:
Mkuu hiyo faida usiiamini haraka. Niko field miaka mingi, sisi tunapimwa kwa mikopo tuliyotoa na ile iliyochelewa zaidi ya siku 30. Sasa mteja akikwama kuna maafisa wanampa mkopo mpya alipie ule wa zamani, kwenye mfumo kitabu kinaonekana kisafi, bonasi inaingia, huku deni la yule mama linavimba tu. Wengine wanafika hadi kwenye mikopo hewa, majina yapo watu hawapo. Makao makuu yanakuja kushtuka pesa imeshaondoka zamani.

Mchambuzi:
Soma yaliyotokea jimbo la Andhra Pradesh, India, 2010. Taasisi zilishindana kukopesha hadi mtu mmoja ana mikopo ya sehemu kadhaa kwa pamoja, ukusanyaji ukawa wa kudhalilishana, zikaja habari za wakopaji kujiua. Mwezi wa 10 serikali ya jimbo ikatoa amri ya kubana ukusanyaji na watu wengi mno wakaacha kulipa. SKS, taasisi kubwa ya mikopo midogo ya huko India, ilikuwa imetoka kuuza hisa sokoni miezi michache tu kabla, kila mtu anaisifia! Na kinachoniuma zaidi, hata waliokuwa wanakopesha kwa staha waliumia, mkopaji akishakasirika hachagui.

Mama_Hesabu:
Niongezee la riba. Ukimwambia mteja asilimia 2 kwa mwezi halafu unaipiga kwenye mkopo wote wa mwanzo kwa miezi 12, wakati kila mwezi anapunguza deni, riba halisi ni kama asilimia 3.5 kwa mwezi. Wanaita bei nafuu!! Akija kujua anamaliza na kuondoka, na mkopo wa kwanza ndio wenye gharama kubwa, kumtembelea, kumchunguza, makaratasi, faida inaanza akirudi mara ya pili na ya tatu.

Mwanafunzi_wa_Fedha:
Aisee nimewaelewa, asanteni sana. Sasa nipime nini, maana marejesho kumbe yanapikika?

Afisa_Mikopo:
Omba idadi ya mikopo iliyopangwa upya, na wateja wangapi walimaliza mkopo wa kwanza wakarudi wenyewe. Halafu angalia bonasi za maafisa zinahesabiwaje, kama ni kwa kiasi walichokopesha tu basi anzia hapo. Na usihoji mameneja peke yao, nenda kwa wateja walioacha.